KUSOMA HERUFI ZA KIJIDUDU KINYAUSHACHO MIGOMBA

Mtu atokaye Mbarara kwenda Isingiro, na kutoka huko ateremke mpaka Nakivale, huiona migomba pande zote mbili za barabara mpaka macho yachoke. Kila juma malori huondoka na matoke kwenda Kampala, na katika nyumba nyingi za nchi hii ya Ankole mtu aliyekula chakula kingine pasipo matoke husema kwamba hajala. Kwa hiyo ugonjwa wa migomba si habari ya wakulima peke yao. Ukiingia shambani, karo ya shule hukosekana, na sisi tulio katika madarasa ya juu twalijua jambo hilo vizuri sana.

Ugonjwa nitakaouandika hapa una majina mengi. Waganda huuita kiwotoka. Wanyarwanda wanaokaa nasi Nakivale huuita kirabiranya. Kwa Kiswahili huitwa mnyauko wa migomba. Jina la kijidudu chenyewe, kama wataalamu walivyoliandika kwa miaka mingi, ni Xanthomonas campestris, na nyuma yake huongezwa neno musacearum, maana yake kijidudu cha jamii ya migomba. Neno la kwanza limetoka katika Kiyunani, na sehemu yake ya mwanzo maana yake ni rangi ya manjano. Mwenye kuwahi kukata shina la mgomba mgonjwa ataona mara moja kwa nini jina hilo lafaa: baada ya dakika chache uji wa manjano hutoka pale palipokatwa, ukinata kama ulimbo. Katika uji ule mna vijidudu vingi visivyohesabika.

Dalili nyingine ni hizi. Majani hugeuka manjano na kulegea kana kwamba yamebabuliwa na moto. Ua la kiume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, husinyaa. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, tena haziivi zote pamoja, na ukizipasua waona ndani zina madoa ya rangi ya kutu. Hazifai kupikwa wala kutengenezwa pombe. Hapa yafaa niseme kwamba uko ugonjwa mwingine, uletwao na kuvu, ambao huitwa ugonjwa wa Panama, nao pia huyafanya majani kuwa manjano. Lakini ule hautoi uji wa manjano, wala hauziozeshi ndizi ndani. Watu wengi huchanganya magonjwa haya mawili.

Sasa habari ya ulikotoka. Mwaka 1968 wataalamu wawili, Yirgou na Bradbury, waliandika habari za kijidudu hiki huko Ethiopia, katika mmea uitwao enseti. Mmea huo ni ndugu wa mgomba, lakini watu wa huko hawali matunda yake. Hula unga wa shina na wa kiazi chake cha chini. Mwaka 1974 wakaandika tena kwamba kijidudu kile kile kimeonekana katika migomba ya Ethiopia. Baada ya hapo ikapita miaka mingi bila habari kutoka nchi nyingine. Ndipo mwaka 2001 kikaonekana Uganda, katika wilaya ya Mukono, upande wa mashariki wa Kampala. Mwaka huo huo wakulima wa Masisi, katika Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, walianza kuona migomba yao ikinyauka. Rwanda ilipatikana nao mwaka 2005, Tanzania na Kenya mwaka 2006, na Burundi mwaka 2010.

Msomaji akiitazama orodha hiyo ya miaka ataelewa kwa nini watu hubishana. Nakivale ni kambi ya zamani sana. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo wamo watu wa Kongo, Burundi, Somalia na nchi nyingine. Sisi wa nyumbani kwetu tumetoka Kongo. Wengi wetu hufanya vibarua katika mashamba ya migomba ya wenyeji, kupalilia, kukata majani makavu na kubeba mikungu. Likizo moja nilifuatana na baba mdogo kwenda kibaruani. Mwenye shamba, mzee wa makamo, alitusimamisha mlangoni, akatutazama mapanga yetu, akasema, "Ninyi Wakongomani ndinyi mliotuletea ugonjwa huu. Rudini kwenu nao." Baba mdogo akamjibu kwa adabu, "Mzee, sisi tumekuja kutafuta chumvi tu," kisha tukaondoka. Siku ile hatukupata kazi, na jioni hapakuwa na kitu cha kupika isipokuwa mahindi ya posho.

Simlaumu sana mzee yule, maana mwenye kuona shamba lake likifa hutafuta mtu wa kumshika. Lakini neno lile lilinikaa moyoni, na tuliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa elimu ya viumbe kama kuna njia ya kujua kijidudu kimetoka wapi. Akaniambia, "Njia iko. Husomwa herufi zake." Yafuatayo ni yale niliyojifunza tangu siku ile.

Kila kiumbe hai, kuanzia tembo mpaka kijidudu kisichoonekana kwa macho, kina ndani yake uzi mwembamba uitwao DNA. Katika uzi huo mmepangwa vitu vinne tu, ambavyo wataalamu huviandika kwa herufi A, C, G na T. Mpango wa herufi hizo ndio amri za kukijenga kiumbe na kukiendesha. Herufi zote za kiumbe kimoja, kutoka mwanzo mpaka mwisho, huitwa jenomu. Fungu la herufi lenye amri moja, kwa mfano ya kutengeneza protini fulani, huitwa jeni. Kijidudu chetu cha migomba kina herufi karibu milioni 4.8, na jeni kiasi cha elfu nne.

Nilitaka kujua hizo milioni 4.8 ni nyingi kiasi gani. Katika ukurasa wa daftari la shule, ukiandika mistari 25 na herufi 40 katika kila mstari, zinaingia herufi 1,000. Basi jenomu hiyo ingejaza kurasa 4,800, yaani madaftari 50 ya kurasa 96. Madaftari hamsini, yamejaa herufi nne tu, hamna nafasi kati ya maneno, hamna nukta, hamna sura. Na yote hayo yamo ndani ya kitu ambacho maelfu yake yaweza kukaa juu ya ncha ya sindano.

Elimu ya kusoma herufi hizi haina umri mrefu. Mwaka 1977 Mwingereza Frederick Sanger na wenzake walimaliza kusoma herufi za kirusi kimoja kidogo, zilikuwa 5,386. Mwaka 1995 jenomu nzima ya bakteria ilisomwa kwa mara ya kwanza huko Marekani, herufi zaidi ya milioni 1.8. Bakteria wa kwanza wa magonjwa ya mimea kusomwa hakusomwa Ulaya wala Marekani ya Kaskazini. Alisomwa Brazili, katika jimbo la São Paulo, mwaka 2000. Jina lake ni Xylella fastidiosa, na huharibu michungwa. Wabrazili walikuwa wanapoteza michungwa yao, kwa hiyo hawakungoja mtu mwingine awasomee. Habari hii hunifurahisha kila niikumbukapo.

Namna kazi yenyewe ifanyikavyo ni hii. Kwanza hukatwa kipande cha mgomba mgonjwa, na ule uji hupakwa juu ya chakula cha vijidudu kilichoganda katika kisahani cha kioo. Baada ya siku chache huota madoa ya manjano yanayong'aa. Doa moja huchukuliwa peke yake na kuoteshwa tena, mpaka iwe hakika kwamba vijidudu vyote vilivyopo ni uzao wa kimoja. Kisha kuta zao hupasuliwa kwa dawa na DNA hutolewa ikiwa safi.

Hapo ndipo mtu angedhani kwamba mashine itaushika uzi na kuusoma toka mwanzo hata mwisho, kama sisi tusomavyo kitabu. Haiwi hivyo. Mashine zilizotumika kwa kijidudu chetu husoma vipande vifupi tu, vya herufi chini ya mia moja. Kwa hiyo uzi hukatwakatwa makusudi. Kila kipande hunakiliwa, na herufi zinapoongezwa moja moja katika nakala hiyo kila moja hutoa mwanga wa rangi yake. Mashine hupiga picha za mwanga huo na kuandika herufi. Mamilioni ya vipande husomwa kwa pamoja.

Hebu fikiri kwamba mtu amechukua nakala hamsini za gazeti letu hili, akazichana zote vipande vidogo vidogo, akavichanganya katika gunia, kisha akakuambia, "Nirudishie gazeti moja zima." Kama angechana nakala moja tu usingeweza. Lakini nakala ni nyingi, na kila moja imechanika mahali tofauti. Basi wachukua kipande kinachoisha kwa maneno "Mbarara kwenda Isi", watafuta kingine kinachoanza na "kwenda Isingiro na", wavipandanisha pale vinapofanana, kisha watafuta cha tatu. Kompyuta ndiyo ifanyayo kazi hiyo, maana mtu angezeeka kabla ya kumaliza hata ukurasa mmoja.

Shida iko mahali panaporudiwa maneno. Chukua kitabu cha nyimbo za kanisani. Kiitikio huimbwa baada ya kila ubeti. Kama kipande ulichonacho kina maneno ya kiitikio tu, utajuaje kama baada yake hufuata ubeti wa pili au wa nne? Jenomu za jamii ya Xanthomonas zina viitikio vingi vya namna hiyo, tena vingine ni jeni ambazo huweza kuruka kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Kompyuta ifikapo hapo husimama. Ndiyo sababu jenomu ya kwanza ya kijidudu chetu ilitolewa katika vipande vingi. Wataalamu huiita rasimu, kama vile sisi tuitavyo insha ambayo bado haijanakiliwa vizuri.

Rasimu hiyo ilitolewa mwaka 2010 na Bwana David Studholme na wenzake. Walisoma kijidudu kilichotolewa katika mgomba wa Uganda, ambacho kimehifadhiwa Uingereza katika hazina ya vijidudu vya mimea kwa namba 4381. Pamoja nacho walisoma kingine, namba 702, kilichotoka katika muwa. Sababu ya kusoma viwili nitaieleza baadaye kidogo.

Maana kwanza lazima niseme juu ya kutia maelezo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu yenye utamu wote. Kuwa na madaftari hamsini yaliyojaa herufi si kitu kama hujui jeni inaanzia wapi na inafanya nini. Herufi za DNA husomwa tatu tatu. Tuseme umekuta herufi hizi za Kiswahili bila nafasi: MTUANAYAI. Ukianzia herufi ya kwanza wapata "mtu ana yai". Ukianzia ya pili wapata "tua", ukadhani umefanikiwa, lakini baadaye hufuata "nay" na "ai", maneno yasiyo na maana. Na uzi wa DNA una nyuzi mbili zilizosokotana, zisomwazo kwa kuelekeana, kwa hiyo kila mahali pana njia sita za kusoma: tatu za mbele na tatu za nyuma. Programu ya kompyuta huzijaribu zote. Hutafuta neno la kuanzia, ambalo mara nyingi ni ATG, kisha huenda mbele tatu tatu mpaka ikutane na mojawapo ya maneno matatu ya kukoma: TAA, TAG au TGA. Ikienda mbali sana bila kukutana na neno la kukoma, huhisi kwamba hapo pana jeni ya kweli.

Baada ya kuipata jeni hutafutwa jina lake. Ziko hazina kubwa za herufi za viumbe vyote vilivyokwisha kusomwa duniani, na mtu yeyote aweza kuzifungua kwa intaneti bila malipo. Jeni mpya hulinganishwa na zile za zamani. Ikifanana sana na jeni ijulikanayo, hupewa jina lile lile. Njia hii ni nzuri, lakini ina hatari yake. Mtu wa kwanza akikosea jina, wa pili hunakili kosa, wa tatu hunakili kwa wa pili, na baada ya miaka kumi kosa limekuwa na mashahidi mia. Kwa hiyo wataalamu wenye bidii hukagua kwa macho yao zile jeni zenye maana kubwa, nazo zisizojulikana huandikwa wazi kwamba ni protini ya kudhaniwa tu. Mwalimu alitufungulia orodha ya jeni za Xanthomonas katika kompyuta ya shule. Tulihesabu kurasa mbili tukachoka: protini ya kudhaniwa, protini ya kudhaniwa, tena ya kudhaniwa. Mwenzangu mmoja akacheka akasema hata yeye angeweza kuandika orodha kama hiyo. Mimi niliona ni heri orodha isemayo hivyo kuliko orodha iliyojaa majina ya uongo.

Walipata nini basi? Katika jeni zilizojulikana mna zile za kujenga kitu mfano wa sindano. Kijidudu huichoma sindano hiyo katika chembe ya mmea na kuingiza protini zake ndani. Protini hizo huenda kuvuruga ulinzi wa mmea, kama mwizi ampaye mbwa nyama kabla ya kuingia nyumbani. Mna pia jeni za kutengeneza ule utelezi unaonata. Jambo la kushangaza ni kwamba utelezi wa namna hiyo, utolewao na ndugu yake kijidudu hiki, hutengenezwa viwandani na kutiwa katika vyakula ili viwe vizito. Ndani ya mgomba hauna faida hiyo. Uji wa vijidudu huijaza mishipa ya maji, na mmea hunyauka ungawa umesimama katika udongo uliolowa.

Sasa ile sababu ya kusoma viwili. Kijidudu cha muwa hakiuui mgomba, lakini ni ndugu wa karibu mno wa kile cha mgomba. Basi ukiweka orodha za jeni zao kando kando, zile zipatikanazo kwa wote wawili haziwezi peke yake kueleza kwa nini mmoja aua migomba. Zile zenye tofauti ndizo za kutiliwa shaka. Waliona kwamba zile protini za kuingizwa kwa sindano ni nyingi zinazofanana, lakini kila mmoja anazo zake za pekee. Waliona tofauti pia katika jeni za koti la nje la kijidudu, na za vinyweleo ambavyo hujishikizia navyo. Tena iligunduliwa kwamba jeni nyingine zimetoka kwa vijidudu wa jamii za mbali kabisa, maana bakteria hupeana jeni kama majirani wapeanavyo moto.

Undugu huo ulikuwa na matokeo mengine. Jina campestris lilikuwa la ukoo usio wake. Herufi zilionyesha kwamba ukoo wake hasa ni ule wa kijidudu cha muwa, uitwao Xanthomonas vasicola, na mwaka 2020 wataalamu waliandika rasmi kwamba ahamishiwe huko. Kwa hiyo msomaji akikuta majina mawili katika vitabu asidhani ni magonjwa mawili.

Nije sasa kwenye lile swali la mzee. Mwaka 2012 Bwana Arthur Wasukira wa Uganda, pamoja na Bwana Studholme na wengine, walitoa kazi ya pili. Safari hii hawakusoma kijidudu kimoja; walisoma vilivyotoka nchi mbalimbali, wakatafuta mahali ambapo herufi moja imebadilika.

Kila mwanafunzi anaijua njia hii, ijapokuwa labda hajui kwamba anaijua. Mwalimu aandika maelezo ubaoni. Wanafunzi wachache huyanakili, na wengine, waliokuwa wamesinzia, hunakili kwa wenzao. Mmoja ameandika "nbizi" mahali pa "ndizi". Ukikuta madaftari mengine manne yenye "nbizi" mahali pale pale, wajua yametoka kwa nani. Ukikuta kundi jingine la madaftari lenye "ndizi" sawasawa, lakini ukurasa wa pili wameandika "mkugu" mahali pa "mkungu", wajua hilo ni kundi la pili lenye baba yake. Vijidudu navyo hujinakili kila vinapozaliana, na kosa likitokea hurithiwa na wajukuu wote.

Walikuta makundi mawili. Katika kundi moja walikuwamo vijidudu vya Ethiopia, vya Kongo na vya Rwanda. Katika kundi la pili walikuwamo vya Uganda, Kenya, Tanzania na Burundi. Yaani makosa ya kijidudu cha Uganda hayakuwa yale ya kijidudu cha Kongo. Wataalamu wale waliandika kwamba huenda ugonjwa uliingia katika nchi zetu zaidi ya mara moja, labda kutoka Ethiopia.

Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Kama sisi tungekuwa tumekibeba kijidudu kutoka Kivu mpaka kwenye mashamba ya Uganda, kijidudu cha Uganda kingekuwa na makosa ya daftari la Kivu. Katika vile walivyovisoma, hakikuwa nayo. Na hata bila herufi, mwenye kuifuata miaka ataona jambo: ugonjwa wa Uganda ulianza kuonekana Mukono, upande wa mashariki, mbali sana na mpaka wa Kongo na mbali na Nakivale.

Lakini haki lazima iende pande zote mbili. Vijidudu vilivyosomwa vilikuwa vichache, na daftari chache haziwezi kusema habari za darasa zima. Tena, ukoo wa kijidudu hueleza kimetoka nchi gani. Haueleze panga gani limekihamisha kutoka shamba hili kwenda lile. Panga lililokata mgomba mgonjwa, likakata mzima kabla ya kusafishwa, huupeleka ugonjwa, liwe la kibarua au la mwenye shamba. Machipukizi ya kupanda yatolewayo shamba lenye ugonjwa huupeleka. Nyuki na wadudu wengine wanaotembelea maua ya kiume huupeleka pia, nao hawaulizwi kitambulisho mpakani. Aina ya ndizi za pombe iitwayo kayinja hushikwa sana kwa njia ya wadudu.

Kwa hiyo maofisa wa kilimo hufundisha kulivunja ua la kiume kwa kijiti chenye panda, bila kutumia panga, mara mkungu umalizapo kutoa vichane. Hufundisha kusafisha panga kwa jiki au kulipitisha katika moto. Zamani walisema kisiki chote king'olewe, machipukizi na yote, kazi ambayo wajane na wazee hawakuiweza. Baadaye ilionekana kwamba kijidudu hakiingii kila mara katika machipukizi yote ya kisiki kimoja, kwa hiyo sasa mkulima aweza kukata shina lile tu linaloonyesha dalili, mpaka chini kabisa, na kurudia kila aonapo jingine.

Kuhusu dawa, ya kuponya mgomba haipo. Huko Kawanda, karibu na Kampala, tangu mwaka 2010 ilijaribiwa migomba iliyotiwa jeni mbili za pilipili hoho, na mingi katika hiyo iliushinda ugonjwa. Bunge la Uganda lilipitisha mswada wa sheria juu ya mimea ya namna hiyo mwaka 2017, lakini Rais hakuutia sahihi, akaurudisha. Juu ya jambo hilo darasani kwetu tumegawanyika nusu kwa nusu, nami sitaingiza ugomvi huo katika gazeti.

Liko jambo moja ambalo naliona kuwa la karibu zaidi. Mashine ya kusoma DNA siku hizi yaweza kuwa ndogo ya kushikwa mkononi, na kusukumwa kwa betri. Mwaka 2019 watafiti walieleza jinsi walivyokwenda na mashine hiyo katika mashamba matatu ya mihogo, moja Tanzania, moja Uganda na moja Kenya, wakasoma virusi vya mihogo pale pale shambani, wala haikupita saa tatu tangu kufika mpaka kupata jibu la kwanza. Kama ilifanyika kwa mihogo, haishindikani kwa migomba. Ingetosha kukata kipande kimoja cha shina katika vishamba vya Nakivale, na kingine upande wa pili, katika mashamba makubwa ya Isingiro, na vingine njiani mpaka Mbarara, kila kimoja katika mfuko wake, kimeandikwa mahali na tarehe, kisha kulinganisha makosa ya madaftari yao.